Daktari wa kitandani na daktari wa video: umwamini nani ndugu wakigombania mgonjwa asiyeweza kusema

Oktoba 2002, katika mahakama ya kaunti ya Pinellas, Florida, madaktari watano walipanda kizimbani kumzungumzia mwanamke mmoja, Terri Schiavo. Wawili waliletwa na mume wake Michael, wawili na wazazi wake, Robert na Mary Schindler, na wa tano aliteuliwa na mahakama yenyewe. Watatu walisema mwanamke huyu hufumbua macho lakini fahamu hana, na hazitarudi. Wawili walisema anasikia, anajaribu kuitikia, na akipata matibabu atakuwa na nafuu. Wote watano walikuwa na shahada na leseni. Jaji George Greer, ambaye udaktari hakuusomea, alitakiwa aseme anamwamini nani.

Mtihani huo huikuta familia yoyote yenye mgonjwa asiyeweza kujisemea, ila kwa kawaida hakuna jaji wa kuubeba. Yuko daktari wa wodini, yuko binamu daktari anayepiga simu kutoka mbali, yuko mchungaji au shehe, wako wakwe, na siku hizi wako na watu wa mitandaoni. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika. Nimewapanga hapa wawili wawili ili uone nani ana haki ya kusikilizwa juu ya jambo gani. Kesi ya Terri nimeitumia zaidi kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na kila upande ulisema yake yote hadharani. Pembeni nimeweka za Eluana Englaro wa Italia, Vincent Lambert wa Ufaransa na mtoto Charlie Gard wa Uingereza.

Kwanza mambo yalivyokuwa. Terri alianguka nyumbani kwake St. Petersburg, Florida, tarehe 25 Februari 1990 akiwa na miaka 26. Moyo ulisimama, ubongo ukakosa oksijeni. Alipona kifo lakini hakurudi. Watu wengi wakisikia habari hii hudhani kulikuwa na mashine ya kuzima. Haikuwepo. Alipumua mwenyewe, alilala na kuamka, alitoa sauti, na uso wake wakati mwingine ulikaa kama wa mtu anayetabasamu. Alichotegemea ni mpira wa kulishia uliopitishwa tumboni. Michael aliteuliwa mlezi wake wa kisheria, na miaka ya mwanzo yeye na wakwe zake walimuuguza pamoja. Mwaka 1993, fidia ya kesi ya uzembe wa kitabibu ikiwa imeshapatikana, wakakosana. Mwaka 1998 Michael akaiomba mahakama iruhusu mpira utolewe, akisema mkewe aliwahi kutamka kwamba hataki kuishi namna hiyo. Ulitolewa Aprili 2001 ukarudishwa baada ya siku mbili, ukatolewa Oktoba 2003 ukarudishwa, ukatolewa tena 18 Machi 2005. Terri alifariki tarehe 31 Machi mwaka huo, akiwa na miaka 41.

Aliyempima na aliyemtazama

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, maana hapa ndipo watu wengi hupotea.

Umma wa Marekani ulimjua Terri kwa vipande vifupi vya video. Kilichorudiwa sana kwenye televisheni kilimwonyesha akielekezewa puto, na macho yake yakionekana kulifuata. Ukikitazama kipande kile peke yake, utaapa kwamba yule mama anaona. Jaji Greer hakutazama vipande, alitazama mkanda mzima, na akafanya jambo la kikarani ambalo mimi nalipenda kuliko hotuba zote zilizotolewa juu ya kesi hii: alihesabu. Kwa hesabu yake, daktari mmoja wa upande wa wazazi alimpa Terri amri 105, na mama yake, kwa maelekezo ya daktari huyo, akaongeza 6. Maswali aliyoulizwa na daktari ni 61, na mama akaongeza 11. Katika yote hayo, jaji aliona matendo machache tu ambayo ungeweza kuyaita majibu. Ukimwambia mtu "fumba macho" mara nyingi kiasi hicho, mara moja mbili atayafumba hata kama hakusikii. Mkanda mrefu unaonyesha bahati na kukosa. Kipande cha sekunde ishirini kinaonyesha bahati peke yake.

Daktari huyo alidai pia kwamba ametibu wagonjwa wapatao 50 wa hali kama ya Terri au mbaya zaidi, na kwamba wote walipata nafuu isipokuwa mmoja. Mahakama ilitaka kuona. Hakuleta majina, wala taarifa za wagonjwa, wala video, wala vipimo. Jaji aliandika wazi kwamba hilo ndilo lililomwondolea kuaminika: alikuja na maneno ya jumla tu. Zingatia kwamba jaji hakumkataa kwa sababu alikuwa upande wa wazazi. Hata upande wa mume alikuwepo bingwa aliyejulikana kwa miaka kuwa mtetezi wa haki ya mgonjwa kukataa matibabu, na wapinzani wake hawakuacha kulisema. Kila upande huchagua daktari anayelingana nao. Ndiyo maana daktari wa tano, aliyeteuliwa na mahakama na asiyekuwa wa upande wowote, alikuwa na uzito wa pekee, na naye alisema fahamu hakuna.

Sasa mweke daktari huyo wa tano kando ya Bill Frist. Frist alikuwa kiongozi wa chama cha Republican kilichokuwa na wingi katika Seneti, na kabla ya siasa alikuwa daktari bingwa wa kupandikiza mioyo na mapafu. Tarehe 17 Machi 2005 alisimama katika Seneti akatilia shaka uchunguzi uliofanywa Florida, na akaeleza kwamba amechukua kama saa moja ofisini kwake akitazama video. Hakuwahi kumgusa mgonjwa, na ubongo haukuwa fani yake. Miezi mitatu baadaye, uchunguzi wa maiti ulipotoka, alisema hakuwahi kutoa tamko la kitabibu. Wakati anazungumza, lakini, koti jeupe lilikuwa limeshafanya kazi yake: waliosikiliza walisikia "daktari amesema".

Kuna mfano mgumu kuliko wa Frist. Machi hiyo hiyo, bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka tawi la Mayo Clinic la Florida, mtu wa fani hasa, aliandika kwamba huenda Terri ana fahamu kidogo. Huyu alifika kitandani na kumwangalia, lakini hakumfanyia uchunguzi kamili. Dhidi yake mweke Jay Wolfson, profesa wa afya ya jamii na mwanasheria, aliyeteuliwa mwaka 2003 kuwa jicho huru la Terri baada ya gavana kuingilia kati. Wolfson hakuwa bingwa wa ubongo. Alikwenda kwa Terri mara kwa mara kwa muda wa mwezi, akamshika mkono, akazungumza naye, akakaa na wazazi, akakaa na mume. Ripoti yake inawaheshimu wote. Hata hivyo alikiri kwamba hakupata itikio lolote la kuaminika linalojirudia. Ukiniuliza mimi, mtu wa mwezi mzima pembeni ya kitanda anamshinda bingwa wa ziara moja, ijapokuwa kwa cheti ni kinyume.

Mtoto Charlie Gard alionyesha jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Alizaliwa Agosti 2016 na ugonjwa nadra wa kurithi unaomaliza nguvu za seli. Hospitali ya Great Ormond Street ya London ilisema kuendelea kumweka kwenye mashine ya kupumulia hakumsaidii. Profesa wa New York, mwenye heshima yake halali, alisema kuna dawa ya majaribio inayoweza kujaribiwa. Wazazi walichangiwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Profesa alimwona mtoto kwa mara ya kwanza Julai 2017, miezi mitatu baada ya hukumu ya kwanza, na hospitali ikaieleza mahakama kwamba alitoa maoni bila kusoma mafaili ya sasa ya mgonjwa, na kwamba ana maslahi ya kifedha katika baadhi ya viambato vya dawa hiyo. Baada ya vipimo vipya vya misuli, wazazi wenyewe waliondoa ombi lao tarehe 24 Julai. Profesa hakuwa tapeli. Alikuwa mbali, na watu waliokata tamaa walilisikia neno lake kwa sauti kubwa kuliko alivyolisema.

Lakini usitoke hapa ukidhani daktari wa kitandani hakosei. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza na Ubelgiji walimweka kwenye mashine ya picha za ubongo mwanamke aliyehesabiwa kuwa hana fahamu, wakamwambia awaze anacheza tenisi, na ubongo wake ukawaka pale pale unapowaka wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2009 utafiti wa Ubelgiji ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliosemwa na madaktari wao kuwa hawana fahamu kabisa, asilimia 41 walikuwa na chembe ya fahamu walipopimwa kwa mpangilio maalumu. Kwa hiyo mzazi anayesema "mwanangu ananisikia" hastahili kuchekwa. Anastahili kupimiwa mwanawe upya, na mtu mwingine, kwa utaratibu unaojulikana. Kwa Terri upimaji huo ulifanyika tena na tena, picha za ubongo zilionyesha sehemu kubwa imesinyaa, na ajali yake ilikuwa ya kukosa oksijeni, aina ambayo matumaini yake huisha mapema kuliko ya kugongwa kichwa. Uchunguzi wa maiti uliotangazwa 15 Juni 2005 ulikuta ubongo wa gramu 615, kama nusu ya uzito uliotarajiwa. Sehemu zinazopokea picha kutoka machoni zilikuwa zimekufa. Puto lile hakuliona.

Mume na wazazi

Hapa sitakuwa mrefu, kwa sababu naona wote wawili huulizwa swali lisilo lao.

Wazazi walisema: mume ana mwanamke mwingine na watoto wawili, na kuna fedha za fidia, atatakaje binti yetu aishi? Mume alisema: nilimuuguza miaka, nikampeleka California kutafuta tiba, nanyi mnashikilia mwili. Magazeti yaligawanyika hivyo hivyo. Lakini sheria ya Florida haikuuliza nani anapenda zaidi. Iliuliza Terri mwenyewe angetaka nini, kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Terri hakuandika chochote. Jaji alisikiliza mume, kaka wa mume na shemeji, waliosimulia maneno aliyowahi kuyasema juu ya kuishi kwa mashine. Akasikiliza na wazazi, waliosema binti yao ni Mkatoliki na asingekubali. Februari 2000 akaamua kwamba Terri angekataa. Ukubwa wote wa ugomvi ule umesimama juu ya maneno machache yaliyosemwa sebuleni na kwenye misiba ya watu.

Msomaji wa Kenya anaijua picha hii kwa sura nyingine. S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui na ukoo wake wa Umira Kager walishindana mahakamani miezi kadhaa juu ya mahali pa kumzika, na Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikawapa ukoo. Pale mtu ameshakufa, na bado ilichukua karibu nusu mwaka. Kwetu neno la wazee lina nguvu kuliko la mke, na anayehamia Marekani huenda na dhana hiyo begani. Florida, mgonjwa akiwa hajamteua mtu na mahakama haijampa mlezi, mwenye neno ni mume au mke, halafu watoto wazima, na wazazi wanafuata nyuma yao. Baba aliyepanda ndege kutoka Moshi au Bungoma anaweza kufika wodini akaambiwa kwa upole kwamba anayeulizwa ni mkwe wake.

Ufaransa, kesi ya Vincent Lambert ilikuwa karibu nakala ya ile ya Florida: ajali ya barabarani Septemba 2008, mpira wa kulishia, mke Rachel upande mmoja, wazazi Wakatoliki wa msimamo mkali upande mwingine, ndugu wamegawanyika. Tofauti ni kwamba huko mwenye uamuzi wa kusitisha ni daktari, baada ya kushauriana na wenzake na kuwasikiliza jamaa. Ungedhani kumpa daktari rungu kunamaliza ugomvi. Utaratibu ulianza 2013, ukapita Conseil d'État, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa, mwaka 2014, ukafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoukubali Juni 2015 kwa kura 12 dhidi ya 5, na Vincent alifariki 11 Julai 2019. Kinachouma ni kwamba alikuwa muuguzi, mtu wa wodini, na hakuandika kitu wala kumteua mtu.

Papa wa 1957 na Papa wa 2004

Watu husema "dini inakataza" au "dini inaruhusu" kana kwamba dini ni mtu mmoja mwenye sauti moja. Kwa Terri, kanisa lile lile lilisikika kwa sauti mbili.

Novemba 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, si njia zinazomtwisha mzigo mzito yeye au wenzake. Kwa msingi huo, padri mmoja wa Kikatoliki alitoa ushahidi mbele ya Jaji Greer mwaka 2000 kwamba kuondoa mpira hakupingani na mafundisho. Machi 2004, ugomvi ukiwa umewaka, Papa John Paul II akasema kwamba maji na chakula, hata kwa njia ya kitabibu, ni huduma ya asili, si tiba, na kwa hiyo kimsingi ni wajibu. Wazazi wa Terri waliingia mahakamani na neno hilo mkononi: binti yetu Mkatoliki angemtii Papa wake. Jaji hakubadili uamuzi. Papa mwenyewe alifariki 2 Aprili 2005, siku mbili baada ya Terri, na Vatikani ilirudia msimamo wa 2004 kwa maandishi mwaka 2007.

Kwa hiyo Mkatoliki anayeuliza leo ana jibu lililo wazi kuliko alilokuwa nalo Terri kabla hajaanguka, na hilo ni muhimu kulijua. Mimi naielewa nguvu ya fundisho la 2004 bila hata kufungua kitabu cha dini: mgonjwa haulizwi uji. Kwetu kumlisha mtu ni utu kabla ya kuwa tiba, na ndiyo maana kuzima mashine ya kupumua hutusumbua kidogo na kuondoa uji hutusumbua sana, ingawa daktari ataviweka vyote katika fungu moja.

Kwa Waislamu, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi iliyokutana Amman Oktoba 1986 iliamua kwamba mtu huhesabiwa amekufa moyo na pumzi vikisimama moja kwa moja, au kazi zote za ubongo zikikoma na madaktari mabingwa wakathibitisha kwamba hazirudi. Hapo inaruhusiwa kuondoa mashine hata kama moyo bado unasukumwa nayo. Lakini uamuzi huo haumhusu mgonjwa kama Terri. Shina la ubongo wake lilikuwa linafanya kazi, alipumua, hakuwa amekufa kwa kipimo chochote. Nimeshaona watu wakiuchukua uamuzi wa Amman na kuubandika juu ya mgonjwa wa koma au aliyepooza. Muulize shehe wako kwa hali halisi ya mgonjwa, jina la hali hiyo ukiwa umelipata kwa daktari kwanza.

Na mpaka uko hapo. Padri au shehe anaweza kukuambia imani inakudai nini. Hawezi kukuambia kama ubongo unasikia. Daktari naye anaweza kukuambia ubongo uko vipi, na akianza kusema maisha hayo "hayana thamani" ametoka kwenye fani yake ameingia ya padri. Ukimkuta mmoja wao anazungumza kwa uhakika juu ya nusu ya mwenzake, punguza uzito wa neno lake.

Gavana, rais, na rais mwingine

Wanasiasa ndio rahisi kuwalinganisha, maana walifanya mambo tofauti mbele ya jambo moja.

Jeb Bush, gavana wa Florida, aliingia. Mpira ulipotolewa 15 Oktoba 2003, bunge la jimbo lilitunga ndani ya siku sita sheria ya kumpa yeye uwezo wa kuurudisha, na akaurudisha. Septemba 2004 Mahakama ya Juu ya Florida iliifuta sheria hiyo kwa sauti moja, kwa kuwa bunge haliwezi kutengua hukumu ya mahakama juu ya mtu mmoja. Machi 2005 ikawa zamu ya Washington. Jumapili ya Matawi wabunge waliitwa kutoka likizo, Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya kuwaruhusu wazazi kupeleka kesi mahakama za shirikisho kwa kura 203 dhidi ya 58, na Rais George W. Bush, aliyekuwa amekatiza mapumziko yake Texas, akasaini usiku wa manane kuamkia tarehe 21. Ikajulikana pia kwamba msaidizi wa seneta mmoja wa Republican aliandika waraka wa kuwaeleza wenzake kwamba suala hili lina faida kisiasa. Aliacha kazi.

Bush huyo huyo, akiwa gavana wa Texas mwaka 1999, alisaini sheria iliyoruhusu hospitali kusitisha matibabu isiyoyaona na manufaa hata familia ikikataa, baada ya kamati ya maadili kukaa na siku kumi kupita. Machi 2005, siku chache tu kabla mpira wa Terri kutolewa kwa mara ya mwisho, mtoto mchanga wa Houston aliondolewa mashine kwa sheria hiyo, mama yake akipinga. Hakuna aliyepanda ndege. Ukitaka kipimo cha kama mwanasiasa anaongozwa na imani au na kamera, mtafutie kesi kama hiyo isiyokuwa na kamera.

Italia walikuwa na Eluana Englaro, aliyepata ajali ya gari Januari 1992. Hapa baba na mama hawakugombana. Baba, Beppino, ndiye aliyeomba mpira utolewe, na mahakama ikakubali mwaka 2008. Wanaodhani amani ya familia inatosha waitazame kesi hii. Februari 2009 Waziri Mkuu Silvio Berlusconi alitoa amri ya dharura ya kuzuia, na akasema hadharani kwamba binti huyo angeweza hata kuzaa. Rais Giorgio Napolitano alikataa kusaini amri ile. Eluana alifariki 9 Februari, Seneti ikiwa bado inabishana. Emmanuel Macron, kwa Lambert, alichagua njia ya tatu: Mei 2019 aliombwa aingilie, akajibu kwamba si kazi yake kusimamisha uamuzi wa madaktari uliofuata sheria.

Kati ya hao, namwona Napolitano kuwa ndiye aliyefanya lililo gumu, maana kukaa kimya kama Macron kuna nafuu yake. Usidhani hata hivyo kwamba mstari ulikuwa kulia dhidi ya kushoto. Jaji Greer alikuwa Mrepublican na Mbaptisti, na ugomvi ule ulimfanya aliache kanisa lake. Mchungaji Jesse Jackson, mtu wa Democrat, alikwenda kusimama na wazazi wa Terri. Watetezi wa haki za walemavu, wengi wao si wahafidhina, waliogopa kwamba anayeondolewa uji leo kwa kuwa hajitambui atafuatiwa kesho na anayejitambua ila hawezi kusogea. Hofu hiyo naiheshimu kuliko hotuba za Washington, kwa sababu waliokuwa nayo ndio watakaolala kwenye vitanda hivyo.

Karatasi au mtu

Ukishaona yote hayo, uchaguzi wako mwenyewe ni kati ya vitu viwili: kuandika matakwa yako, au kumteua mtu wa kukusemea.

Karatasi ina faida ya kutobadilika. Ingekuwepo ya Terri, hata mistari mitatu, ushahidi wa sebuleni usingehitajika. Italia ilitunga sheria ya karatasi hizo Desemba 2017, baada ya Eluana. Udhaifu wake ni kwamba huandikwa na mtu mzima wa afya asiyejua ugonjwa utakuja kwa sura ipi. "Sitaki mashine" ni sentensi nzuri mpaka siku nimonia inapokutaka ukae kwenye mashine siku nne upone kabisa.

Mtu ana faida ya kuuliza maswali. Anaweza kumwambia daktari "mpime tena", anaweza kumwambia shehe "hali yake ni hii", anaweza kukataa simu za watu wa mbali. Udhaifu wake ni kwamba analia, anachoka, anatishwa na ukoo. Kwa hiyo mimi nachagua mtu kwanza, halafu karatasi fupi ya kumpa nguvu, inayosema mambo mawili matatu tu: uji wa mpira nauonaje, nikikaa mwaka bila fahamu iweje, na dini yangu isikilizwe kupitia nani. Mtu huyo si lazima awe mwenzi wako. Awe anayeweza kumkatalia mama yako bila kumtukana.

Walio nje waangalie sheria ya walipo, maana hazifanani. Uingereza na Wales, mume au mke hana mamlaka ya kisheria ya kukuamulia matibabu kwa sababu tu mmeoana. Lazima uwe umempa uwakilishi wa kudumu wa afya na ustawi, na ukasajiliwa. Ufaransa humteua mtu wa kuaminiwa kwa maandishi, na neno lake hutangulia la jamaa wengine, ingawa uamuzi wa mwisho wa kusitisha unabaki kwa daktari. Florida fomu ya kumteua msemaji husainiwa mbele ya mashahidi wawili wazima. Msemaji mwenyewe haruhusiwi kuwa shahidi, na angalau mmoja wa mashahidi asiwe mwenzi wako wala ndugu wa damu, kwa hiyo ukifanya jambo hili nyumbani, mwite na jirani.